Daftari, programu ya simu au jedwali: vitabu ulivyosoma uviandike wapi?

Binti wa kaka yangu alinipigia simu Jumamosi moja akiwa amesimama mbele ya meza ya vitabu vya mtumba huko mjini, muuzaji akimsubiri. "Shangazi, shikamoo. Hiki cha jalada la kijani, kile cha mabaharia, nilikisoma kwako ama nilikiona tu rafuni?" Nikamwambia asitoe pesa kwanza. Nikafungua kaunta buku langu, nikapekua, na kabla salio lake halijakatika nikamjibu: ulikiazima kwangu Agosti, ukakirudisha Septemba hujakimaliza, na ulisema sura ya tatu ilikushinda. Akanyamaza kidogo. "Basi nakinunua nikimalize," akasema, "lakini na mimi nataka kuandika hivyo. Nitumie daftari ama niweke programu kwenye simu?"

Sikumjibu siku hiyo, maana jibu lake si la neno moja. Kwa miaka 15 nimekuwa nikiandika vitabu ninavyosoma, na nimepita karibu kila njia: daftari, ujumbe wa kujitumia mwenyewe kwenye WhatsApp, programu za mtandaoni za kuorodhesha vitabu kama Goodreads, StoryGraph na LibraryThing, jedwali la Excel. Nyingine nimeziacha, nyingine ninazo mpaka leo. Wafanyabiashara wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naamini kusoma ni mali ya namna hiyo hiyo. Kitabu ulichokimaliza kwa usiku tatu, ukakililia, baada ya miaka mitano hukumbuki hata jina la mhusika wake.

Kabla ya kulinganisha chochote, amua kwanza utakuja kuuliza nini. Mimi huja na maswali matatu. Nilikisoma? Nilipata nini ndani yake? Na kitabu chenyewe kiko wapi sasa? Swali la tatu ndilo ambalo programu hizi hazikulitanguliza, na ndilo letu zaidi, kwa sababu vitabu hapa hutembea. Kimoja changu kilitoka nyumbani Kibokoni, hapa Mombasa, kikavuka feri kwenda Likoni kwa rafiki yangu, shemeji yake akakipeleka Ukunda, na kilirudi baada ya miaka miwili kikiwa na jina la mtu nisiyemjua kwenye ukurasa wa kwanza. Nilifurahi kwamba kilisomwa. Lakini kama si daftari ningekuwa nimeshakihesabu kimepotea, na pengine ningekuwa nimeshamdhania mtu vibaya.

Daftari

Nianze na ninalolipenda, nisijifanye mwamuzi asiye na upande. Langu ni kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu, lile lile la kuandikia madeni ya duka. Kila kitabu kina mistari mitano au sita. Hii ni mojawapo, nainakili ilivyo:

"14 Machi. Riwaya, Kiswahili, kurasa 180. Kutoka kwa mwalimu wa hesabu, kurudisha kabla ya Idi. Nimeianza kwenye matatu, nimeimaliza barazani. Mwisho umeharakishwa. Lakini uk. 92, mama anapoikunja leso ya marehemu na kuirudisha sandukuni bila neno, nimeusoma mara tatu. Kimerudi 29 Machi."

Mistari hiyo inajibu maswali yangu yote matatu, na inanipa kitu cha nne ambacho sikukiomba: nikiisoma naliona baraza lenyewe, nasikia kelele za watoto wanaotoka madrasa. Mwandiko wenyewe unasema. Niliposoma kwa haraka, herufi zimelala. Niliposoma nikiwa mgonjwa, mstari umepinda. Programu haiwezi kunihifadhia hayo.

Tena daftari halichagui kitabu. Tenzi iliyopigwa chapa kwa mashine ya ofisini na kushonwa kwa uzi, kijitabu cha hotuba, fotokopi ya diwani isiyopatikana madukani, vyote vinaingia bila kuulizwa namba wala jina la mchapishaji. Kwa msomaji wa pwani hilo si jambo dogo, maana sehemu kubwa ya tunachosoma haikupata kupita kwenye maduka makubwa ya vitabu ya dunia.

Nikifikiria karatasi humkumbuka Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikaa vifuani mwa watu kwa miongo, mpaka Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa alipoyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu, akishirikiana na mmisionari William Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1940 yakatoka kitabu. Sisemi orodha yangu ya riwaya ina uzito huo. Nasema tu kwamba kila ninaposoma shairi la Muyaka najua kuna mtu alikaa chini na kalamu, akaona hili lisiachiwe kumbukumbu peke yake.

Sasa kasoro zake, na ni za kweli. Ya kwanza ni hewa yetu. Mombasa ina unyevu mwaka mzima, na masika, hasa Aprili na Mei, nyumba za mawe za Mji wa Kale hunyonya maji hata ukuta ukiushika unahisi ubaridi. Daftari langu la pili nililiweka kwenye kabati lililogusa ukuta wa nje, na nilikuwa nimeliandika kwa kalamu ya jeli kwa sababu iliteleza vizuri. Juni nilipolifungua, kurasa zilikuwa zimegandana pembeni, ukungu wa kijivu umeshika ushono, na wino umesambaa mpaka maneno yakawa madoa ya buluu. Vitabu kama 30 hivi sikuweza kuvisoma tena. Tangu hapo ninatumia kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta, ambao maji hayauyeyushi kirahisi, ama penseli, ambayo haichujuki. Daftari linakaa rafu ya juu, mbali na ukuta wa nje, limesimama ili hewa ipite. Kulifunga kwenye mfuko wa nailoni ni kosa: ukilifunga likiwa na unyevu, umeufungia ukungu ndani. Na ukibandika risiti ya duka ili ukumbuke ulinunua wapi, nakili maandishi yake kwa kalamu, kwa sababu karatasi zile huchapwa kwa joto na kwa joto letu hufutika zikabaki nyeupe.

Kasoro ya pili ni kutafuta. Ukiwa na vitabu 60 utapekua. Ukifika 600 utachoka. Dawa yake ni kuacha kurasa za mwisho ziwe faharasa, kila herufi na nafasi yake. Mimi hupanga kwa jina ninalomwitia mwandishi, si kwa jina la ukoo, na hapa daftari linawashinda wenzake waziwazi. Shaaban Robert ukimtafuta kwa R unajitesa. Hapa kwetu hakuna anayemwita Robert.

Ya tatu ni kwamba daftari ni nakala moja. Hii nitairudia mbele.

Goodreads na wenzake

Goodreads ndiyo kubwa na ndiyo watu wengi huanzia. Ilifunguliwa Januari 2007 huko Marekani, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Amazon. Ni ya bure. Ina rafu za kuanzia, kama nilivyosoma, ninavyosoma sasa, ninavyotaka kusoma, na unaweza kujiongezea nyingine. Unaelekeza kamera kwenye msimbo wa mistari nyuma ya kitabu, kinajitokeza chenyewe, picha ya jalada na idadi ya kurasa. Kwa riwaya ya Kiingereza iliyochapishwa London au New York kazi hiyo ni ya sekunde tano, na siwezi kuidharau.

Tatizo linaanza na vitabu vyetu. Nilikaa jioni moja nikaingiza vitabu 20 vya Kiswahili kutoka rafuni kwangu. Vingine vilikuwepo, kamili. Vingine vilikuwepo bila picha. Vingine havikuwepo kabisa, ikabidi nijaze mwenyewe: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, kurasa, na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Hapo ndipo ukurasa wa hakimiliki unapokufaa. Tafuta namba yenye 9966, hiyo ni ya Kenya; 9976 na 9987 ni za Tanzania. Kitabu kilichochapishwa kuanzia 2007 kitakuwa na tarakimu 13, ikitanguliwa na 978. Cha zamani kidogo kina 10. Na cha zamani zaidi huenda hakina namba yoyote, kamera yako haitakusaidia. Majina nayo hugawanyika. Muyaka bin Haji na Muyaka bin Hajji kwa mashine ni watu wawili. Shaaban Robert na Shaaban bin Robert pia. Usipoangalia, nusu ya vitabu vya mtu mmoja vitakaa huku na nusu kule.

Hili lisikukatishe tamaa, kwa sababu ukikiingiza kitabu cha Kiswahili pale, umemrahisishia msomaji mwingine atakayekuja kukitafuta. Nilikuwa nikifanya kitabu kimoja kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na kilikuwa kitu cha kufurahisha. Ila kama lengo lako ni kuandika ulichosoma ukalale, ujue kazi hiyo ipo.

Jambo jingine ni nyota. Goodreads inatoa 1 mpaka 5, bila nusu. StoryGraph, iliyoundwa na Nadia Odunayo na kuanza mwaka 2019, inakuruhusu hata robo, na inakuuliza kitabu kilikuacha na hali gani: huzuni, utulivu, mashaka. Ina pia mahali pa wazi pa kusema "hiki nilikiacha njiani", na kwangu hilo ni la heshima kwa msomaji, kwa sababu kitabu ulichokiacha nacho kina habari yake. Michoro yake ya mwisho wa mwezi ni mizuri. Kati ya hizo mbili, kwa mtu anayetaka kujijua kama msomaji, ningemwelekeza StoryGraph. Kwa anayetaka kukutana na wasomaji wengi na kusoma maoni yao, Goodreads.

Lakini zote mbili zina shindano la mwaka: utasoma vitabu vingapi? Mwaka mmoja niliandika 50. Ilipofika Novemba nilikuwa na 41, nikajikuta dukani nachagua vitabu kwa wembamba wake. Diwani moja nene niliyoingojea kwa muda mrefu niliiweka kando mpaka Januari, kisa haitaniongezea ila moja. Iliniuma nilipogundua ninachofanya. Na diwani unaimaliza lini hasa? Unasoma mashairi manne, unairudisha, unaifungua tena baada ya miezi sita kwa sababu ya shairi moja. Ramadhani nayo ina usomaji wake, wa mushafu, na mwezi huo riwaya hazisogei. Hesabu ya vitabu kwa mwaka haijui hayo. Ukitumia programu hizi, shindano usilijaze, au andika namba ndogo usiyoifukuzia.

Kuhusu macho ya watu: akaunti ya Goodreads huanza ikiwa wazi kwa yeyote, mpaka uingie kwenye mipangilio uifunge. Binti wa chuo huenda hataki wanafunzi wenzake wajue anasoma kitabu gani kuhusu ndoa au huzuni. Fanya hivyo siku ya kwanza.

LibraryThing haijulikani sana hapa, na ningependa ijulikane. Ilianza mwaka 2005, na tangu 2020 ni ya bure bila kikomo cha vitabu. Sura yake ni ya kizamani, haina mapambo. Nguvu yake ni kwamba haitegemei duka la vitabu pekee; inachukua taarifa kutoka katalogi za maktaba, ikiwemo Maktaba ya Bunge la Marekani. Na maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, ambayo kazi yake ni kukusanya machapisho ya ukanda wetu. Ndiyo maana kitabu cha Kiswahili cha miaka ya 1970, ambacho ukikitafuta Goodreads huenda usione kitu, LibraryThing mara nyingi hukileta pamoja na mwaka wake na mchapishaji wake. Mara ya kwanza kuona kijitabu cha mashairi alichoniachia babu kimeorodheshwa vile, na tahajia sahihi, nilimwita mume wangu aje atazame.

Mwenye rafu iliyojaa vitabu vya zamani vya Kiswahili, basi, asihangaike na nyingine. Aende huko.

Jedwali

Jedwali la Excel au Google Sheets linakaa katikati. Ni lako, unaliumba utakavyo, na safu ya "kiko kwa nani" unaiweka mwenyewe. Langu lina safu nane: jina, mwandishi, lugha, nimeanza, nimemaliza, kimetoka wapi, kiko wapi, na neno moja la kunikumbusha. Nikitaka kujua mwaka jana nilisoma vingapi vya Kiswahili, nachuja tu. Nikitaka kujua nani ana vitabu vyangu, nachuja tena, na hapo huwa napiga simu mbili tatu za salamu.

Angalia jambo moja kabla ya kuanza. Ukiandika ISBN ya tarakimu 13 kwenye Excel, itaifanya namba ya hesabu na kukuonyesha kitu kama 9.78997E+12. Ile ya tarakimu 10 inayoanza na sifuri itapoteza sifuri yake. Geuza safu nzima iwe ya maandishi kwanza, halafu ndipo ujaze. Mimi nilijaza 200 kwanza.

Kasoro ya jedwali ni kwamba halikualiki. Sijawahi kulifungua usiku kwa raha. Visanduku vyake vidogo vinakufanya uandike maneno mawili pale ambapo daftari lingekuvuta uandike mistari sita, na ile leso iliyokunjwa isingeingia humo. Jedwali najazia mwisho wa mwezi, kutoka kwenye daftari.

WhatsApp, picha na programu ya vidokezo kwenye simu

Hapa sitakaa. Ni njia za haraka na hazitaki chochote, ila zinaishi na simu. Miaka miwili ya kusoma kwangu ilikuwa kwenye vidokezo vya simu ambavyo sikuvihifadhi kwingine. Simu ilinitoka mkononi kwenye feri, asubuhi ya watu wengi, ikaingia majini, na miaka ile miwili ikaenda nayo. Bado kuna vitabu naviona madukani na sina uhakika. Picha ya jalada ni nzuri kama msaada unapokuwa njiani. Usiku ukifika, iandike mahali.

Hiyo nakala moja

Nilisema nitairudia. Daftari linaungua, linaloa, linaliwa na mchwa. Kampuni nayo huuzwa au hufunga huduma, na nywila husahaulika pamoja na barua pepe ya zamani uliyofungulia akaunti. Kwa hiyo usichague njia moja ukalala. Mwenye daftari apige picha kurasa za mwezi, dakika mbili tu. Mwenye Goodreads ashushe faili lake la CSV, yaani orodha yake yote kwa mfumo wa jedwali, mara mbili kwa mwaka. Kitufe kipo kwenye tovuti, si kwenye programu ya simu, kwa hiyo utahitaji kompyuta au kivinjari. Faili hilo hilo StoryGraph na LibraryThing hulipokea, ukitaka kuhama huandiki upya. Na kama bando ni la kubana, kumbuka daftari halilihitaji kabisa.

Nilichomwambia binti wa kaka yangu ni hiki. Unasoma Kiswahili nusu na Kiingereza nusu, unaazima zaidi ya unavyonunua, na unaishi chumba cha kupanga Kisauni na wenzako wawili. Nunua kaunta buku jembamba, kalamu ya wino wa mafuta. Fungua na StoryGraph ukitaka, kwa vile vya Kiingereza, maana najua utapenda michoro yake. Usijaribu kurudi nyuma mpaka vitabu vya darasa la nne; anza na vitano vya mwisho unavyovikumbuka vizuri, kisha songa mbele. Ungekuwa mwalimu mwenye rafu ya vitabu 400 ningekwambia LibraryThing bila kusita. Ungekuwa msomaji wa riwaya za Kiingereza tu, kwenye simu, ningekwambia daftari si lazima.

Alinitumia picha ya ukurasa wake wa kwanza juzi. Kitabu ni kile cha jalada la kijani, sura ya tatu ameivuka. Chini yake kilifuata kingine alichokichukua kwangu Jumapili, na mstari wa "kimetoka wapi" ulikuwa mtupu. "Shangazi," aliandika, "hiki ndani kina jina la jirani yako. Niandike wewe ama yeye?"

Nikamwambia aandike wote wawili. Kisha nikaenda kuchukua daftari langu, maana sikuwa nimeandika kwamba kimetoka.